Uzi wa Wayua

Nasima, Wayua ameaibika leo kanisani Kikima, wueh!

Si unakumbuka zile gauni za kwaya alizoshona na uzi unaoyeyuka kwa maji moto, ili zikizeeka zifumuke upesi, kitambaa kishonwe tena? Aliwaambia wanakwaya wafue na maji baridi. Pasi akasahau kuitaja. Pasi, Nasima!

Asubuhi Kalekye wa kwaya akainyunyizia yake maji, akapiga pasi. Katikati ya wimbo mkono wa gauni ukatoka. Halafu ubavu wote ukafunguka, mbele ya kanisa zima!

Wayua akakimbia kumfunika na leso. Kalekye akamwambia, "Umenivua nguo mbele ya watoto wangu."

Sasa anazishona zote upya na uzi wa kawaida, machozi yakimtoka. Nikamwambia wazo lilikuwa zuri. Akaniuliza, "Zuri kwa nani?"