Vitabu Vilivyofungiwa Kabatini

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Nyegezi tu wazima, na mguu wa babu yako unapona.

Unauliza kwa nini niliacha ukurugenzi wa kampuni ya vitabu nikawa mwalimu mkuu wa shule ya serikali. Siku moja nilitembelea shule moja ya Kirumba. Mwalimu mkuu akanifungulia kabati kwa fahari: vitabu vyetu vyote, vipya kabisa.

“Watoto wanasomea nini?” nikauliza.

“Wananakili ubaoni, mama. Wakipewa hivi watavichana, na nitaulizwa mimi.”

Nikaona kazi yangu yote inaishia kabatini, nikarudi kwenye ualimu niliousomea.

Shuleni kwangu vitabu vilikwenda nyumbani, vikarudi vinanuka dagaa, majalada yameng’oka. Nilivibandika gundi mwenyewe, nikifurahi.

Bibi yako