Jumatano Jarvell Anatia Saini

Alhamisi, 7 Aprili

Royce kaniambia leo asubuhi, huku anapaka siagi mkate, hata macho hakuinua. Eti wale wa ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu wamempigia. Timu ya kaskazini. Wanataka kuonana naye.

Nikauliza wanaonana kwa ajili ya nini — kama mjinga! Miaka ishirini na sita mke wa kocha, nauliza kwa ajili ya nini.

"Mazungumzo tu, Nadine. Na usimwambie mtu. Hata dada yako. Hata Mchungaji."

Likivuja, anasema, wale wanajitoa siku hiyohiyo, na vijana wanaotaka kuja kumchezea mwakani wanakimbia. Nikasema sawa. Nimesema sawa maisha yangu yote, na mara nyingi ilikuwa sawa kweli.

Ndiyo kwanza tumetoka kwenye mashindano. Timu nane za mwisho nchi nzima — Corley, chuo ambacho nusu ya Kentucky hawajui kiko wapi! Watu bado wanatuachia pai mlangoni. Nilijua siku moja watamtaka. Nilijua kama mtu anavyojua atazeeka.

Ijumaa, 8 Aprili

Odessa Pruitt kapiga simu. Mama yake Jarvell, yule kijana Royce anayemtaka kwenye timu mwakani, kule Mississippi.

Mwezi wa kumi tulikwenda kwake. Royce hunichukua kila anapokwenda kumwomba mama mtoto wake. Husema yeye anaongea mpira, mimi naongea mengine yote. Odessa anapika shuleni, kazi niliyofanya mimi miaka kumi na moja Royce alipokuwa bado kocha wa sekondari, basi tulielewana hata makoti hatujavua. Alitukaangia kambare, na mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu ambayo Royce alikula vipande vitatu bila haya. Tukashikana mikono mezani tukaomba. Halafu akanigeukia mimi, si Royce. Mwanangu akiumwa, nani atamwangalia? Nikasema mimi. Na kanisani? Nikasema asipokuja nitamfuata kitandani nimvute sikio, na urefu wake wote ule. Odessa alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi, Dada Nadine," akasema, "mchukue."

Leo ana furaha tele. Jumatano saa moja na nusu asubuhi Jarvell anatia saini kujiunga na Corley, mbele ya shule nzima. Ameomba ruhusa kazini. Ameagiza keki ya rangi zetu.

"Watu wananiuliza Corley ni wapi," akaniambia. "Nawaambia wala mimi sijui! Simpeleki Corley. Nampeleka kwenu."

Nikakaa chini.

Maana nazijua karatasi zile. Miaka mingi nimeziona zikitoka kwenye faksi ofisini kwa Royce. Jina la kocha halimo. Hamna mahali. Kijana akishatia saini amefungwa na chuo, na akitaka kuhama anakaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha hajafungwa na kitu. Akina mama wote hukosea hapohapo, wanatia saini kwa kuamini uso wa mtu. Na sisi ndio tunaowafundisha kukosea. Si ndiyo sababu tunakwenda kula kwao?

Nikamwambia nitawaombea. Hilo ni kweli. Nimewaombea.

Jumamosi, 9 Aprili

Hapa kwetu siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa ndege. Kinyozi, fundi bomba, wote wanakesha kwenye kompyuta kuangalia ndege ya tajiri gani mwenye timu imeruka kwenda wapi, maana makocha ndivyo wanavyoibwa. Leo Dwight wa duka la mbegu kaona moja ya kaskazini imetua kwenye kiwanja chetu kidogo. Ilipofika saa nne walikuwa watu themanini pale na mabango, mtu kashaanza kuchoma soseji! Mlango ukafunguka, akashuka mzee kavaa buti. Wakampigia kelele arudi alikotoka, kocha wetu haendi popote. Akawaambia kocha gani, mimi nimekuja kununua farasi. Dwight anasema walimwimbia wimbo wa chuo hata hivyo, kwa usalama.

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha.

Saa hiyo Royce alikuwa barabarani, kwenye gari bovu la ndugu yake, anavuka mto kwenda Ohio kuonana nao kwenye hoteli ya madereva wa malori. Hakuna anayefuatilia gari bovu.

Dwight aliponipigia kunisimulia hayo akauliza, Kocha yuko wapi leo? Nikasema kwa daktari wa meno. Ndivyo nilivyoagizwa niseme. Dwight akasema maskini, mpe pole.

Bwana nisamehe.

Jumapili, 10 Aprili

Mchungaji Hensley ameliombea jino la Royce. Kanisa zima! Aminaaa! Bibi Lottie, na mguu wake ule, akatuletea supu laini nyumbani ili mgonjwa asitafune.

Royce aliinamisha kichwa kuliko wote. Sijui alikuwa anaomba au anajificha.

Tukaila ile supu. Ndipo akasema. Walimpenda. Lakini hawatoi jibu mpaka msimu wao uishe, na unaisha Jumatano jioni. Jarvell anatia saini Jumatano asubuhi.

Nikasema basi mwambie Odessa asubiri. Wiki moja tu, Royce.

Akaweka kijiko chini. "Nikimwambia asubiri atauliza kwa nini. Kabla hajakata simu kuna kocha mwingine ameshakaa mezani kwake. Nikikosa kule, na huku nimemkosa."

"Kwa hiyo mtoto atie saini, na mama yake hajui kocha atakuwa nani?"

"Usinifanyie hivyo, Nadine."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alisema tu, taratibu, hawa vijana huondoka kila mwaka, mimi ndiye ninayebaki. Miaka ishirini na sita nabembeleza watoto wa miaka kumi na saba. Nina miaka hamsini na miwili. Hawatapiga tena.

Na ni kweli. Niliandike na hili, maana sijalisema hata kwenye maombi: nataka alipate. Nilimwona anavyokula supu ile, kama kijana mwenye mtihani kesho.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepiga magoti mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba wale wamchukue. Ya pili nikaomba wasimchukue. Mungu anisikilize ipi?

Nimepiga pasi mashati yote. Hata yale ya kiangazi.

Jumanne, 12 Aprili

Odessa kapiga mara tatu. Sikushika. Mimi! Mtu ambaye hushika simu hata za wauza madirisha.

Akaacha ujumbe. Kazini kwake wanamtania, wanasema redio imetangaza kocha wenu anahama, mtabaki na keki yenu. Anasema kawajibu nyie nyamazeni, namuuliza Dada Nadine, yule haniongopei. Nipigie, dada yangu. Hata ukichelewa.

Nikamwekea Royce ausikie. Akasikiliza mpaka mwisho amesimama, mkono kwenye friji.

Waandishi walishamuuliza leo. Aliwajibu, "Mimi ni kocha wa Corley." Akaniambia na mimi nimjibu Odessa hivyohivyo. Royce ni kocha wa Corley. Si uongo.

Nimeiandika kwenye kikaratasi niitazame. Kweli kabisa, kila neno. Na ukiisoma yote pamoja ni uongo.

Nikamuuliza, ningekuwa mimi Odessa, ungetaka niambiwe nini? Akasema anakwenda kukata majani. Majani aliyakata jana.

Jumatano, 13 Aprili

Sikungoja. Nimempigia mwenyewe. Saa mbili na robo kwetu, kwao saa moja na robo. Nilisema moyoni, nitamwambia neno moja tu, ngoja, halafu nitakata. Asiponiuliza sitaeleza.

Hakunipa nafasi hata ya salamu. "Dada Nadine! Jamani, si nilijua utapiga!" Nyuma yake kelele, ngoma za shule, mtu anajaribu kipaza sauti. Nikasema Odessa, sikiliza. Akasema hapana, sikiliza wewe, ngoja nimwite Jarvell, na Mchungaji wetu, na hawa wenye midomo wa jikoni kwangu, niiweke simu mezani wakusikie wote. Uwaambie kwa kinywa chako. Usikate!

Kaniacha hapo.

Kwa hiyo naandika. Mkono mmoja simu, mmoja kalamu. Nisipoandika nitakata.

Nasikia viti vinaburutwa. Nasikia mtu anamwambia Jarvell afunge vizuri tai. Jarvell anacheka. Sauti imekuwa nzito tangu mwezi wa kumi.

Royce kashuka. Kavaa suti. Leo anatakiwa ofisini asimame karibu na faksi. Kaiona simu sikioni mwangu, kaniangalia usoni, kaelewa. Nilidhani atatikisa kichwa. Hajatikisa.

Kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Ananyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Sijui anataka nimpe simu au anataka nimshike.

"Haya, Dada Nadine," anasema Odessa, na kule kote kumenyamaza. "Tuko hapa wote. Sema."