Lori Linalopumua

Jumatatu, 3 Februari
Uji, kisha kukagua barabara. Malori kumi na moja sasa, yote mahindi, yote ya kwenda Zambia. Daraja la mbele limesombwa na maji tangu Ijumaa. Lililosimama mlangoni kwangu ni la Gaudensi, dereva wa Milepa. Ana adabu huyu. Nimemwambia shikamoo haijengi daraja.

Jumanne, 4 Februari
Ukungu mpaka saa nne. Turubai la Gaudensi linafuka mvuke, taratibu, kama kitu kinachopumua. Mahindi yakilowa hupata joto, nani asiyejua. Lakini nimewaambia wanawake kisimani limebeba misukule wa kwenda kulima ng'ambo, Zambia. Wamebadilisha njia. Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma.

Jumatano, 5 Februari
Kuku wangu wawili wamefia chini ya lori. Panya pia. Hawana jeraha. Harufu kama kitunguu saumu, na hakuna anayepika. Gaudensi anatapika, kichwa kinamuuma. Analala juu ya mzigo, chini ya turubai, anasema kuna joto. Mama Tenesia aliyekuwa akimuuzia chai hamsogelei tena. "Babu, si ulisema mwenyewe?" Sikucheka.

Alhamisi, 6 Februari
Madereva wengine wamerudisha magari nyuma. Lori limebaki peke yake kwenye ukungu. Nimeogopa. Mimi. Nimepanda, nimefunua turubai. Macho wazi, hanitambui. Kando ya kichwa chake vidonge vya kuulia wadudu, vimelowa, vimekuwa unga wa kijivu. Tajiri mwenye mahindi huvitia ili mzigo usikataliwe mpakani. Hata sisi tukivitia ghalani tunafunga mlango, hatuingii siku kumi. Jana pua iliniambia, harufu ya kitunguu saumu ni ya vidonge hivi. Mdomo ulikuwa na kazi nyingine.
Nimeita watu, nimesema mimi mwongo. Amekuja Mama Tenesia tu. Tumempakia kwenye bodaboda, katikati yangu na mwendeshaji. Sijui alikata roho wapi. Tulipofika hospitalini Mazwi nilikuwa bado namtania asilale.

Jumatatu, 10 Februari
Wamejaza mawe darajani. Malori yamepita. La Gaudensi hakuna anayekubali kuliendesha. Bado linafuka.
Baba yake amekuja kuchukua nguo. Walizika Jumamosi. Mama mtu amekataa kukaa matanga, anasema wamezika mgomba, mtoto yuko ng'ambo analima.
Nimemweleza yote. Vidonge. Uongo wangu, kisimani, kwa kicheko tu. Amesikiliza kwa adabu, nguo mapajani. Kisha akaniuliza, kule Zambia wanamaliza kuvuna mwezi gani.