Maji Yamefungwa, Shuka za Babu Ziacheni

Wajukuu zangu,

Msihangaike na bomba, maji hakuna. Yaliyobaki yamo kwenye ndoo nyekundu, ni ya Babu peke yake. Mgeuzeni ubavu kabla hamjala, na mumnyweshe kwa kijiko asije akapaliwa.

Kitendawili! Mwizi gani hubisha hodi, akavua viatu mlangoni, akaondoka na maji yako? Mmeshindwa? Katibu wa kamati ya wakazi. Kaja asubuhi na fundi bomba, eti shuka zangu pale roshani zinaharibu sura ya mtaa. Nikamwambia, "Mwanangu, kanuni nimezisoma. Kunionya mnaweza, kuniita mkutanoni mnaweza. Kumfungia mgonjwa maji, nani kawaruhusu?"

Akanijibu, "Basi nenda mahakamani, bibi. Sisi hatuna haraka."

Fundi hata kunitazama hakuweza. Akakaza koki, wakaondoka.

Wenye haraka ni sisi. Babu hajiwezi, shuka zinalowa kutwa, na jua linapiga roshani ya mbele tu. Mahakamani nimekwenda, ila moyo umeshakufa ganzi. Hata wakisema nina haki, hiyo hukumu itamkuta Babu?

~~Anueni shuka, mkamwombe katibu radhi, yaishe.~~

Hapana. Ziacheni hapo hapo. Ndizo safi za mwisho, zikikauka mtandikieni. Babu akiuliza mbona leo hasikii bomba likidondoka, mwambieni Bibi kalifunga vizuri, halivuji tena.

Bibi yenu