Nilimhesabia Mjukuu Wangu Siku Isiyo Yake

Mpendwa Bi Hamisa, naomba unisaidie upesi, maana moyo wangu umechoka na daktari hanifichi tena. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Chamazi na binti yangu Mwamvita, na pamoja na ualimu nilirithi kwa baba yangu falaki, ile elimu ya nyota ya sisi watu wa pwani, kwa hiyo mtaani kwetu posa nyingi huletwa kwangu kwanza niangalie kama nyota za wawili zinapatana. Mwaka jana mjukuu wangu Naima, mtoto wa Mwamvita, aliposwa na Suhaib, fundi wa friji, kijana ambaye akifika alikuwa ananiuliza kwanza mimi nimelalaje ndipo amuulize Naima, nami nikampenda, lakini nilipoangalia nikakuta Naima ni wa Jumanne, siku ya Mirihi, na Suhaib ni wa Jumamosi, siku ya Zohali, nyota mbili kali ndani ya nyumba moja, nikairudisha posa. Naima hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Babu," na tangu hapo akija mwingine humkataa mwenyewe, anasema, "Mie nyota yangu kali, nitamuua mtoto wa watu."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi, nikaanza kutafuta kama watu wa kwingine wangemuona vizuri zaidi. Nikasoma habari za Wachina, ambao kila mwaka huupa mnyama wake, nikakuta Naima ni Panya na Suhaib ni Farasi, nao hawapatani, nikazidi kuvunjika moyo, kisha nikampigia Mzee Kantilal, Mhindu tuliyefundisha naye zamani, ambaye nyumbani kwao hawaozeshi bila kupiga hesabu ya nyota, naye akaniuliza, "Mwalimu, binti alizaliwa saa ngapi?" Nikashtuka. Sikuwahi kuuliza. Nikamwita Mwamvita.

"Saa ngapi? Baba, ilikuwa Ramadhani! Nesi ndiyo kwanza anafungua, tende mdomoni, nikamwambia, dada, huyu anakuja, akameza na kokwa yake!"

Bi Hamisa, nililia kwa furaha. Kwetu anayezaliwa baada ya magharibi ameshaingia siku inayofuata, kwa hiyo Naima ni wa Jumatano, siku ya Utaridi, nyota tulivu isiyogombana na mtu. Kwamba usiku hutangulia mchana wake nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma, ila miaka mingi ya kufundisha kwamba siku huanza saa sita usiku ilinifanya nimhesabie mjukuu wangu kama niko darasani. Sasa Mwamvita ananisihi ninyamaze: "Baba, mtoto ameshatulia, usimchokoe kidonda." Suhaib bado hajaoa. Je, niseme, au niondoke na jambo hili kifuani?

Mzee Shomari, Chamazi

*

Mzee Shomari, shikamoo. Pole sana kwa maradhi. Nimefurahi pamoja nawe, maana mtu anayelia kwa furaha kwa kugundua kwamba amekosea hana kiburi. Sasa nivumilie nikugombeze kidogo.

Kijana ulimpenda. Ulimuona kwa macho yako akiulizia usingizi wako. Ukayaacha macho, ukaenda kumuuliza Mirihi! Jibu lilipokuuma, ukabisha hodi kwa Wachina, kisha kwa Wahindi, na kama Kantilal naye angekujibu vibaya sijui ungeelekea wapi. Mzee wangu, anayezunguka nyumba zote hizo akitafuta "ndiyo" anayo tayari. Siidharau elimu ya baba yako. Wazee wale waliijua mbingu kuliko sisi tunaotazama simu. Lakini ona: kwako siku inaanza magharibi, kwa Kantilal inaanza jua likichomoza, Wachina hata mwaka wao hauanzi na wetu. Na wote hao wameoana, wakazaa, wakazeeka pamoja.

Sema. Ila usimwambie Naima kwamba sasa nyota yake ni nzuri. Ukisema hivyo, siku mtoto wake akiugua homa atatafuta kosa jingine kwenye hesabu zako. Mwambie: nilikosea siku yako, na hata nisingekosea, wewe si mkosi kwa mtu yeyote. Mwamvita asikuzuie, msichana anayesema ataua mtoto wa watu hajatulia hata kidogo. Suhaib usimwite, kumtaka au kutomtaka ni shauri la Naima. Wewe deni lako ni kwa wazazi wa Suhaib. Uliwarudishia posa, waombe radhi kwa kinywa chako, usitume mtu. Wala usiangalie siku njema ya kufanya haya.

Kwa kuwa gazeti hutoka Jumapili na hali ya Mzee si ya kusubiri, jibu hili nilimsomea kwanza kwa simu. Wasomaji, alisema, "Usikate," akamwita mjukuu wake, akamwambia yote nikisikia. Kisha binti akapaza sauti, "Babu! Mwaka mzima najiona jini!" na kicheko chenye kilio ndani yake, Mzee naye anakohoa, anacheka. Mwishowe Naima akaichukua simu.

"Bi Hamisa, shikamoo. Samahani, naomba nikukatie. Kuna mtu nataka kumpigia, na humu ndani hii tu ndiyo yenye salio."

Nikakata mimi, haraka.