Ngumi ya Ishmael

Yurub, uko?

Ishmael amempiga Wahu. Ishmael wetu, yule kiranja wa darasa pale chuo cha ualimu! Harusi yao tuliimba mpaka sauti zikakauka. Leo amempiga mbele yetu sote, kwa hoteli hapa Kitengela.

Tulikuwa tunakula na wenzetu wa chuo tukipeana habari, nani ameolewa, nani anafundisha wapi. Muno akasema, "Na hamjampongeza Wahu? Amefanywa mwalimu mkuu huko Isinya!" Tukapiga makofi. Kumbe Wahu hakuwa amemwambia bwanake.

Ishmael akamuuliza polepole, "Mwalimu mkuu wa nani?"

Wahu akaweka kijiko chini.

Yurub, ilikuwa ngumi. Si kofi, NGUMI, ya mdomo. Wahu akaanguka na kiti. Halafu Ishmael akamvuta na nywele kwa sakafu akisema, "Kwangu mkuu ni mmoja!"

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nilishika bakuli ya mchuzi wa mbuzi, bado moto, nikammwagia mgongoni yote. Mimi! Akapiga nduru, akamwachilia. Wanaume wa meza ya pili wakamkalia mpaka polisi wakakuja wakambeba.

Wahu yuko kwangu, ametoka kushonwa mdomo. Meno mawili yameenda.

Nilimwambia, "Wahu, pole, sikujua Ishmael anaweza kukupiga."

Akanijibu, hata hakuwa analia: "Anaweza kila wiki. Leo tu ndiyo alisahau kufunga mlango."