Mmemlaza Juu ya Sikio Zima

Nulu, weka mwiko chini usome. Ramlah ametuaibisha makaburini. Ametutoa machozi pia.

Wanaume walikuwa wamemaliza kumfukia mumewe, Adrisi. Sisi wanawake tumekaa nje ya uzio hapa Bugembe. Sheikh Wahab akachuchumaa kumsomea marehemu talakini, kumkumbusha majibu ya kuwapa malaika wakija kumuuliza.

Ramlah huyo! Kapita katikati ya wanaume, buibui linaburuta udongo. "Sheikh, paza sauti! Mmemlaza juu ya sikio zima!"

Na ni kweli, Nulu. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, na Adrisi unamjua, sikio la kushoto lilikufa tangu jeshini.

"Mgeuzeni! Atajibu nini, na swali hakulisikia?"

Wenzangu wakaficha vicheko. Mimi nilicheka waziwazi, Mungu anisamehe.

Sheikh akamwambia taratibu, "Mama, masikio tumeyazika. Roho haina uziwi."

"Una hakika?"

Nulu, sheikh mzima akainamisha kichwa!

Ramlah akapiga magoti kaburini; mimi nilikuwa nimemfuata nimrudishe. Mwanamke aliyempigia mumewe kelele mpaka Nalufenya nzima ikajua wanakula nini, leo akanong'ona: "Adrisi, mimi naenda nyumbani."

Akangoja. Unakumbuka yule mzee alivyokuwa, kila neno, "Eeh? Umesema nini?"

Kimya.

Ramlah akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Hajauliza nimesema nini. Sasa amenisikia, au hayupo?"

Nulu, mimi na mdomo wangu huu wote, nilimpangusa udongo kwenye buibui tu.